Chupa Nilizozika Nyuma ya Banda

Wiki iliyopita niliwaacha mvua imekatika na ukuta wangu umelala chini. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa ufupi, maana uchungu ukiuzungusha sana unakuwa hadithi ya watu wengine.

Mwanangu wa pekee alikuwa fundi wa kujenga. Alipima kila kitu, hata sahani mezani aliinama kuitazama kama imekaa sawa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Usawa. Alikufa mwaka jana tumbo limejaa maji. Akaniachia mkewe, mshonaji, na binti yao wa miaka saba. Tukabaki wanawake watatu katika nyumba ya vyumba vitatu. Halafu mvua ikaja ikala chumba cha tatu, kile cha cherehani. Ikabaki fremu ya mlango imesimama peke yake, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Hapo ndipo tulipofika. Leo nitasema lile ambalo nimekuwa nikilizunguka wiki zote hizi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ya tatu baada ya ukuta kuanguka, kaka yake mkwe wangu alipiga simu. Mkwe wangu aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na tope.

"Dada, unangoja nini hapo? Njoo kwangu. Kuna chumba, kuna shule ya mtoto."

"Kaka, niache nifikiri."

"Fikiri mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho nina gari la kazini. Nitapita, nitabeba cherehani, nitabeba mtoto, nitakubeba na wewe ukikataa."

Mkwe wangu akanitazama. Mimi nikajifanya naokota matofali yaliyopona.

Simu ilipokatika alikuja akanipokonya tofali mkononi, polepole, kama unavyompokonya mtoto kisu.

"Mama, mimi sitaki kwenda."

"Usiseme hivyo kwa kunihurumia."

"Nani anakuhurumia? Nilipokuja hapa na sanduku moja ni nani alinipokea? Lakini cherehani iko chini ya turubai, Mama. Sare za watoto wa watu zinaloa. Nisiposhona, tutakula nini sisi watatu?"

"Na ukipata chumba?"

"Nikipata chumba chenye mwanga siendi popote. Nitazeekea hapa hapa mpaka unichoke."

Basi mmejua. Chumba kimoja chenye mwanga, kabla ya Jumamosi ya mwisho. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimesimama kati yangu na nyumba tupu.

Aliyetuokoa, au niliyedhani anatuokoa, alikuwa mzee mmoja fundi anayeitwa Taratibu. Ndiye aliyemfundisha mwanangu kazi. Wanasema ukimtuma Taratibu maji, chimba kisima wakati unamsubiri. Lakini alikuja bila kuitwa, akazunguka kifusi mara mbili, akavua kofia.

"Mama Usawa, pole. Matofali siku hizi hayashikiki kwa bei. Lakini nyuma ya mabaa na mahoteli kuna matofali yanatupwa kila siku, ila hakuna anayeyaita matofali."

"Yapi hayo?"

"Chupa."

Mkwe wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua.

"Fundi, unataka tuishi ndani ya kreti la bia?"

"Mshonaji, wewe unaunga vitambaa, mimi naunga chupa. Tofauti yetu ni kwamba chako kikichanika hakimkati mtu mguu."

Akaanza kesho yake. Alikata chupa kwa gurudumu la kukatia vigae huku maji yanatiririka juu yake ili kioo kisipasuke. Shingo aliweka kando, akachukua vitako viwili vya rangi moja, akavikutanisha mdomo kwa mdomo, akavifunga kwa utepe. Hilo ndilo tofali la chupa. Mwanga unaingia kitako hiki, unatokea kitako kile.

"Kausheni ndani kwanza," alituambia. "Ukizibia maji humo, chupa itatoa jasho maisha yake yote, na hutaifungua tena kuifuta."

Halafu saruji, na kati ya chupa na chupa vidole vitatu. Si viwili. Alipima kwa vidole vyake mwenyewe, vinene kama karoti.

Na watu walitukumbuka, hilo nalisema kwa shukrani. Muuza dawa alileta chupa za kahawia boksi zima, ameshabandua karatasi zote kwa mkono wake. Mwenye baa alituma makreti. Jirani ambaye hatusalimiani tangu ugomvi wa mfereji alirusha gunia la chupa za kijani juu ya ua na kuondoka bila neno. Nilisimama pale nikiliangalia gunia lile mpaka nikalia. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa muoshaji mkuu. Alitoka shule, akatupa mfuko, akaingia kwenye beseni na brashi mpaka mabega.

Siku moja mkwe wangu alikaa nami tukiosha chupa za baa. Alishika moja, akainusa mdomo, akaiweka chini.

Lazima niwaeleze. Mwanangu alikuwa mlevi. Mwaka juzi mkewe alifunga sanduku aondoke. Usawa akapiga magoti mbele yetu sote wawili, akaweka mkono juu ya cherehani ya mkewe, akaapa kwamba hatagusa tena. Mkewe akafungua sanduku. Kuanzia siku hiyo hakumwona na glasi. Alipougua na daktari akasema ni ini, tuliambizana ni madhara ya zamani.

"Unajua kinachonipa usingizi, Mama?" aliniambia pale kwenye beseni. "Alau alikufa ameacha. Alitimiza neno lake."

Nikasema, "Amina."

Ukuta ukapanda. Kahawia chini, kijani katikati, nyeupe juu. Watu wa njiani walisimama kutazama. Zikabaki siku nne kufika Jumamosi. Likabaki dirisha.

Taratibu akaja na fremu ya mbao aliyoitengeneza kwao, akaisimamisha kwenye pengo.

"Sasa, hapa sitaki chupa za duara. Za duara zinatoa rangi, hazitoi mwanga. Mshonaji hawezi kutunga uzi kwenye mwanga wa kijani, atashona kidole. Nataka chupa bapa, nyeupe. Zile ndogo za pombe kali, zinazoingia mfuko wa nyuma wa suruali. Zinasimama ubavu kwa ubavu kama mbao, safu nne, kumi kumi. Gundi ya vioo katikati, basi, una dirisha."

"Arobaini," mkwe wangu akasema. "Tutazipata wapi?"

Tukatafuta. Mwenye baa alisema haziuzi hizo. Muuza dawa hana. Mnunuzi wa chupa chakavu alisema amesafirisha mzigo wote juzi. Kwa siku mbili tulipata tatu, na moja ilikuwa na ufa.

"Kama hamna, naziba na ukuta mtupu," Taratibu akasema. "Chumba kitakuwepo, ila kitakuwa giza."

"Basi ni stoo, fundi," mkwe wangu akasema. "Stoo ya rangi nzuri."

Akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta ametoa sanduku lile lile, anakunja magauni ya mtoto. Hakuwa na hasira. Alikuwa anayakunja kwa upole, mikono ndani, kola juu, kama nguo za mteja.

Mimi nilijua zilipo chupa bapa.

Zilikuwa nyuma ya banda la kuku. Nilizizika mwenyewe, moja moja, kwa jembe dogo la bustani.

Sasa nimelisema. Mniwie radhi kama mlinipenda.

Mwanangu hakuacha. Baada ya kiapo alihamishia ulevi wake jikoni kwangu. Alikuja jioni eti kunisaidia kuwasha moto, akanywa amekaa kwenye kigoda changu, akasukutua mdomo, akatafuna karafuu, akarudi kwa mkewe. Mimi nikabaki na chupa. Ningeitupa jalalani, wazoa taka wangesema. Ningemuuzia mnunuzi wa chupa, angesema. Basi nikaizika. Nilijiambia nalinda ndoa ya mwanangu. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, na kifo kikaja kumchukua yeye, mimi kikaniacha nimekaa na siri yangu.

Siku iliyofuata mkwe wangu alikwenda kupeleka sare shuleni, akamchukua na mtoto. Saa sita mchana, jua utosini, nikachimba. Chini ya udongo chupa zilikuwa zimelala kichwa mguu, kichwa mguu, kama nilivyozilaza. Nilizihesabu arobaini na mbili. Nikazipeleka jikoni, pale kwenye giza langu, nikatia mchanga na maji ndani nikazitikisa, nikazisugua nje kwa majivu. Macho yangu ni ya bibi. Kidole kilihisi mikwaruzo hapa na pale. Nikadhani ni mawe ya ardhini.

"Mama! Umezitoa wapi?" mkwe wangu akapiga kelele aliporudi na kuzikuta zimepangwa juani juu ya kanga.

"Kwa rafiki yangu mmoja wa mtaa wa juu. Alikuwa anauzia asali. Ameacha biashara."

Uongo ukitoka mara ya kwanza kwa jasho, mara ya pili unatoka wenyewe.

Taratibu alianza kuzisimamisha kwenye fremu. Ya tatu au ya nne aliishika muda mrefu. Akaipitisha dole gumba, akaigeuzia kwenye jua, akanitazama.

"Mama Usawa."

"Naam, fundi."

"Dirisha hili linatazama mawio. Jua la asubuhi litamchoma Mshonaji macho. Tulipake chokaa kidogo kwa ndani, unaonaje?"

"Fundi, nani aliyewahi kupaka chokaa dirisha?"

"Kidogo tu. Nyembamba."

"Tumetafuta mwanga mpaka viatu vimeisha soli, leo tuuzibe na chokaa? Uzee umekuingia."

Akakohoa, akaendelea na kazi, taratibu kuliko siku zote. Alipomaliza alikataa chai, akaniaga kwa mikono miwili. Nilimwona amechoka tu. Fadhila nyingine unazifahamu zikishapita, na nyingine unakuwa umeshazitukana.

Jioni ile jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, dirisha likang'aa kwa mwanga wa kivuli tu, laini kama maziwa. Mkwe wangu aliingiza cherehani, akaiweka hapa, akaisogeza pale, akarudi nyuma kuitazama. Akachukua simu.

"Kaka, lile gari lako libebe watu wengine."

"Umepata wapi jeuri?"

"Nimepata dirisha."

Kaka yake akacheka, akasema basi atakuja siku moja kula tu. Mkwe wangu akalirudisha sanduku juu ya kabati, akanishika mabega, akaweka paji lake la uso kwenye langu.

"Mama, Mungu akulipe kwa ulichonifanyia."

Dua ile iliniogopesha, lakini nikacheka. Nilikuwa nimebaki na watu wangu.

Asubuhi nilisikia cherehani inalia mapema. Hakuna sauti ninayoipenda kama ile. Nikakoroga chai nikiisikiliza, inakimbia, inapumzika, inakimbia. Mjukuu wangu alikuwa uani anatafuta soksi ya pili.

Cherehani ikanyamaza.

"Mama. Njoo."

Nilimkuta amekaa mikono hewani, hajagusa kitu. Mbele yake alikuwa ametandika kitambaa cheupe cha mashati ya shule. Jua lilikuwa limeingia kwa chupa zote arobaini kwa mpigo, na juu ya kile kitambaa kulikuwa na maandishi.

Mistari. Mistari mifupi iliyonyooka, na juu ya kila mstari pembetatu ndogo imesimama kwa ncha. Na namba.

Hata mimi nisiyesoma vizuri bila miwani niliijua alama ile. Iko kwenye fremu ya kila mlango wa nyumba hii. Ni alama ya mafundi: sakafu inaishia hapa, usawa ni huu. Mwanangu aliichora kwa kalamu ya chuma ya kukwaruzia vigae, na pembetatu yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu, kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Mama," mkwe wangu akasema, "rafiki yako wa asali ni nani?"

Sikuwa na uongo wa tatu.

Nilisimama nikamwambia. Jikoni, kigoda, karafuu, jembe la bustani. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Muda wote."

"Muda wote, mwanangu."

"Nilikuambia alau alikufa ameacha. Pale kwenye beseni." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukaniambia amina, Mama. Ungenyamaza tu. Kwa nini ulisema amina?"

Mpaka naandika hapa bado ninatafuta jibu lake.

Akainuka, akaenda dirishani. Nikajua anakwenda kulivunja, nikamwacha, ni haki yake. Lakini hakulivunja. Akaweka kidole kwenye chupa ya kwanza, akaanza kusoma tarehe kwa sauti, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Hii ni mwezi ule ule wa kiapo. Mistari miwili. Alikunywa nusu, akaandika tarehe. Kesho yake nusu iliyobaki." Akahamia nyingine. "Hii mistari mitatu. Hii mitatu tena. Hii minne."

Akaruka safu, akarudi, akatafuta, kidole kikikimbia.

"Sita. Hii ina sita, Mama. Hii hapa saba."

Alipofika kwenye chupa moja ya safu ya juu alisimama. Ile ilikuwa imechorwa mpaka chini, mistari myembamba iliyobanana kama ngazi ya sisimizi.

"Tisa," akasema. "Chupa moja ndogo, siku tisa."

Akageuka. Uso wake wote ulikuwa maji.

"Alikuwa anapunguza. Unaona? Alikuwa anajipimia. Leo mpaka hapa, kesho mpaka hapa. Mume wangu alikuwa anaacha, Mama! Hakunidanganya yote. Alikuwa njiani."

Sikujua. Wallahi, sikujua. Mimi nilizika chupa, sikuzisoma. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu anapigana vita, na mimi nilidhani amekaa tu.

Mkwe wangu akanishika mkono. Baada ya yote hayo, akanishika mkono. Tukasimama mbele ya dirisha wote wawili tukimlilia upya, na ndani yangu kitu kikaanza kuinua kichwa kikisema, labda atanisamehe.

Halafu mkono wake ukalegea.

"Mbona hizi hazina kitu?"

Upande wa kulia wa safu ya juu na ya pili kulikuwa na chupa kama tisa, kumi. Safi. Mwanga ulipita humo bila mstari hata mmoja.

"Labda zilifutika," nikasema.

"Kioo hakifutiki." Akarudi kwenye chupa ya mistari tisa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Mstari wa mwisho kabisa una tarehe ishirini na nne. Baada ya hapo hakupima tena. Alikunywa tu, tupu, bila kuchora."

Akahesabu kichwani.

"Ishirini na nne ya mwezi ule ndiyo wiki dada yangu alijifungua. Nilikuwa kwake siku tatu. Nilikuachia nyumba na mtoto." Akanigeukia. "Mama, nilipoondoka alikuwa amefika siku tisa. Niliporudi alikuwa ameacha kupima. Hapa katikati kulitokea nini?"

Wasomaji wangu, kuna maswali ambayo mtu anayajua kabla hayajaulizwa. Hili nimelala nalo kila siku tangu tumzike.

"Alitetemeka," nikasema. "Ile ya siku tisa ilikuwa imeisha, akasema hatanunua nyingine. Asubuhi akaanza kutetemeka. Meno yanagongana, jasho linamwagika, hashiki hata kikombe. Akaniambia, 'Mama, nipeleke hospitali.'"

"Ukampeleka?"

"Nilifikiri, hospitali watakuita wewe. Watakuuliza anakunywa nini, tangu lini. Utajua. Utafunga sanduku."

"Mama. Ulimpeleka?"

"Nilimtafutia chupa."

Nje kuku alikuwa anakokoreka. Mkwe wangu alifumba macho akayafumbua.

"Aliikataa," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikutaka kubakiza. "Aliisukuma mara mbili. Nikamshika kichwa nikamnywesha kama nilivyomnywesha uji alipokuwa mchanga. Akatulia. Akalala kama malaika. Nikashukuru Mungu. Kesho yake akaiomba mwenyewe."

Nilidhani nimefika mwisho wa yote. Nilidhani hakuna zaidi. Lakini yule ni mshonaji. Macho yake yamezoea kuona uzi mmoja uliopita vibaya katika shati zima.

"Wiki ile goti lako lilikuwa limevimba," akasema taratibu. "Nilikuacha kitandani. Hukuweza kufika hata mlango wa uani. Usawa alikuwa anatetemeka, hawezi kusimama." Akavuta pumzi. "Nani alikwenda dukani?"

Nikajifanya naokota uzi sakafuni.

"Mama, nakuuliza. Nani alikwenda kununua?"

"Mimi."

Haikuwa sauti yangu. Ilitoka mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pale na mfuko wa shule mgongoni, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Bibi alinipa karatasi nimpe mwenye duka. Alisema ni dawa ya baba, nikimbie," akasema. Alisema kwa fahari, maskini, kama anayetaja kazi aliyoifanya vizuri. "Niliishika kwa mikono miwili, mama. Sikujikwaa, na haikuvunjika."

Mama yake akakaa chini kwenye sakafu, palepale alipokuwa.

Mtoto akapita katikati yetu mpaka dirishani. Mistari ya baba yake ikampanda usoni na kwenye shati. Akainua kichwa akazitazama zile chupa safu kwa safu, macho yakimeta.

"Ni ipi, Bibi? Ile niliyoileta mimi ni ipi?"

Nilimtazama mkwe wangu aniokoe. Aliniokoa mara nyingi, yule mtoto wa watu, tangu alipoingia nyumba hii.

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama mgongo wa binti yake.

"Mwonyeshe, Mama," akasema.